Ni jina tu, mzee wangu

Posa imekubaliwa, mahari imezungumzwa bila mvutano, na Kaka amerudi kazini Voi akiwa na furaha ambayo hata sauti yake ya simu imeshindwa kuificha. Hayo ndiyo makubwa ya juma hili. Lakini kila ninapokaa kuandika, kinachonijia ni swali moja lililoulizwa kule Wundanyi, sebuleni kwa wakwe, pamoja na jibu alilolitoa Baba.

Aliyeuliza ni mjomba wa bibi harusi, mzee mpole aliyevaa koti zito la baridi ya mlimani. Alikuwa amekwisha kutueleza kwa utaratibu kwamba jina la binti yao limetoka kwa bibi yupi, na bibi huyo alizaliwa upande gani wa mlima. Kisha akamgeukia Baba: “Na hili lenu, De Souza, ni la babu yupi?” Baba, ambaye wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba anaweza kumaliza asubuhi nzima akieleza ilikotoka cherehani yake, alitabasamu tu akasema, “Ni jina tu, mzee wangu.” Mzee akaitikia, “Aa,” akavuta kikombe chake cha chai. Mama akapitisha sahani ya mahamri, na kikao kikaendelea.

Ni ile “Aa” inayonisumbua. Nimeirudia kichwani nikipika, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, nikiwa nimebanwa ndani ya matatu. Kuna nyakati naisikia kuwa adabu ya mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni, na kuna nyakati naisikia kuwa hukumu: hawa hawana ukoo.

Kwa maana jina lenyewe si tupu. “De” ni “wa”, na Sousa ni mto wa kaskazini mwa Ureno, unaoanzia Felgueiras, ukapita Lousada na Penafiel, na kumwaga maji yake katika mto Douro karibu na jiji la Porto. Mabwana wa bonde lile walijiita kwa jina la bonde lao, na ukoo wao ulikuwa miongoni mwa koo kongwe za kikabaila tangu Ureno haijawa ufalme. Ni kama hapa kwetu mtu angeitwa wa Sabaki. Baba angeweza kusema, “Ni la mto, mzee wangu,” na mambo yakaisha kwa heshima. Mimi nililijua jibu hilo na ulimi uliniwasha, lakini katika kikao cha posa binti hamkatizi baba yake mbele ya wakwe.

Ila nikilitazama vizuri, hata jibu hilo lingekuwa nusu. Mzee hakuuliza jina limetoka wapi. Aliuliza ni la babu yupi, na hakuna babu yetu hata mmoja aliyewahi kuchota maji ya mto ule. Babu alikuja Mombasa kutoka Goa, pwani ya magharibi ya India, kuwa karani. Goa ilitekwa na Wareno wa Afonso de Albuquerque mwaka 1510, na watu wake walipobatizwa walipewa jina la mtakatifu pamoja na jina la ukoo, mara nyingi la padri aliyewabatiza au la Mreno aliyesimama kuwa baba yao wa ubatizo. Ndiyo sababu Goa imejaa akina Fernandes, Pereira, Rodrigues na De Souza ambao wazee wao hawakutoka Ureno hata kidogo. Ndugu wawili waliobatizwa siku mbalimbali waliweza kutoka kanisani na majina mawili, na watu wasiojuana wakatoka na jina moja. Undugu ukahifadhiwa kwingine: vijiji vilikuwa na jumuiya za wenye ardhi, wanaoitwa gaunkar, waliogawanyika kwa koo zao za asili, na daftari za jumuiya hizo zilijua nani ni wa nani hata pale majina ya Kireno yalipowachanganya. Nadhani yule mjomba angeelewana sana na wazee wa huko.

Hapa Mombasa watu hudhani sisi ni masalio ya waliojenga Fort Jesus. Wareno walituachia maneno kama meza, bendera na leso, lakini majina ya ukoo waliondoka nayo walipotolewa ngomeni mwaka 1698. Wagoa wengi walikuja baadaye sana, enzi za Waingereza na reli. Katika akina Sousa wenyewe ninaowajua, aliyepita pwani yetu ni Martim Afonso de Sousa, ambaye mwaka 1542 alitia nanga Malindi pamoja na mmisionari Fransisko Ksaveri akielekea Goa kuwa gavana. Na mtu wa Mombasa aliyebebeshwa jina la Kireno kwa kishindo ni mfalme Yusuf bin Hasan, aliyepelekwa Goa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala, kisha Agosti 1631 akaishambulia Fort Jesus, akawaua Wareno na kurudi kwenye Uislamu na jina lake. Juma hili nimemwaza sana huyu. Yeye alikuwa na jina la kurudia.

Mpaka hapo nilikuwa ninaandika kwa hasira ndogo ya mtu aliyekosa nafasi ya kujibu. Nilianza kumwandalia Kaka orodha ya De Souza wa kujivunia, tusije tukaulizwa tena tukabaki kutabasamu. Nikamweka Fitz de Souza, aliyekuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi katika kesi ya Kapenguria, ile ya Jomo Kenyatta na wenzake, na baadaye akawa Naibu Spika wa Bunge la Kenya. Nikamweka John Philip Sousa wa Marekani, mtunzi wa muziki wa bendi za gwaride. Nikamweka Tomé de Sousa, gavana mkuu wa kwanza wa Brazili, aliyeuanzisha mji wa Salvador mwaka 1549, ingawa yeye nilimweka kwa shingo upande.

Kutoka mji huohuo wa Salvador nikakutana na Francisco Félix de Souza. Alivuka bahari mpaka Ouidah, katika Benin ya leo, akawa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, rafiki wa mfalme Ghezo wa Dahomey aliyempa cheo cha Chacha, na alikufa huko mwaka 1849. Wazao wake wapo Benin na Togo hadi leo, ni familia kubwa na mashuhuri. Ng’ambo ya bahari, wengi waliouzwa katika biashara ile walikuja kuitwa kwa majina ya waliowanunua, kwa hiyo katika mamilioni ya akina Souza wa Brazili, ambako jina hili ni miongoni mwa yaliyoenea kupita mengine, wamo wajukuu wa pande zote mbili, na jina haliwezi kukuambia yupi ni yupi. Orodha ya Kaka nikaiacha hapo.

Jioni nikamfuata Baba kwenye cherehani. Nikamwuliza kwa nini alimjibu mzee wa watu vile. Hakuinua macho. “Ulitaka nimwambie la padri?” Akatia uzi kwenye tundu la sindano, ukapita kwa mara ya kwanza, jambo lililomfurahisha kuliko swali langu. Ndipo akasema kwamba Babu alilijua jina lao la zamani, la kabla ya ubatizo, na kila Krismasi, akishakunywa kidogo, alilitamka mbele ya watoto, nao watoto walikuwa wakicheka. “Ningekuwa nalo ningempa,” akasema. Kisha akakanyaga cherehani.

Sasa Kaka anataka kujua matangazo ya ndoa kanisani yaandikwe vipi, kwa sababu cheti cha Babu kinasema D’Souza, cha Baba De Souza, na kitambulisho chake yeye kinasema Desouza, baada ya programu ya ofisi fulani kuikataa ritifaa, ileile tunayoiandika kwenye ng’ombe kila siku bila ya matatizo. Nimemwambia afuate kitambulisho.

Wakwe wanatutembelea Jumamosi. Maji ya mfereji hayajatoka, tangi limebaki tope, na kijana wa mkokoteni anayetuletea madumu hapokei simu yangu tangu asubuhi.