Ule weusi si masizi: siku moja kwenye meza ya injekta

Saa 1 asubuhi nadeki. Fundi wa gereji nyingine hapa Tabata anaanza na spana. Mimi naanza na dekio, kwa sababu kazi yangu ni injekta, vifaa vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini. Nafasi kati ya sindano ya injekta na nyumba yake ni mikroni chache, na unywele mmoja ni kama mikroni 70. Vumbi likiingia humo, kazi imeharibika.

Saa 2 hadi saa 4: injekta za pikapu mbili. Kufungua, kuosha, kupima, kufunga.

Saa 4 na nusu anaingia mzee mwenye lori la Tunduma, ameshika injekta sita ndani ya mfuko wa plastiki. Gari limemzimikia kwenye mlima wa Kitonga, mzigo juu. Nafungua ya kwanza, naweka sindano chini ya darubini. Inatakiwa kuwa nyeusi inayong'aa. Hii ina michirizi myeupe.

"Mzee wangu, nani amezisugua?"

"Fundi wangu. Alitoa masizi kwa msasa laini."

Hapo ndipo siku ilipoishia. Nikamweleza: ule weusi ni kaboni iliyotandazwa kiwandani ndani ya chemba isiyo na hewa, ngumu kuliko chuma chenyewe, telezi kama risasi ya penseli, unene mikroni mbili tatu tu. Oili ya injini haifiki mle. Kinacholainisha ni dizeli yenyewe, tena kwenye presha inayopita bar 1,600. Na dizeli yetu tangu 2015 ni ya salfa ndogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hewa imenufaika, lakini kule kiwandani wanapoitoa salfa, ule utelezi wa asili nao hupungua, ikabidi waongeze dawa. Mtu akichanganya mafuta ya taa, utelezi unazidi kwisha. Kilichobaki kuzuia chuma kisile chuma ni ule weusi.

"Basi upake tena."

Sina chemba hiyo. Akasema nataka kumuuzia nozeli, ile ncha ya injekta yenye sindano na nyumba yake. Akampigia fundi wake, akaniwekea simu sikioni, tukabishana. Chai ikapoa, chakula cha mchana kikapita, wateja wawili wakaondoka. Iliniuma, maana nimesomea kazi hii kwa miaka, na bado naonekana dalali wa spea.

Nikaacha kusema. Nikafunga zote sita kwenye benchi ya kupimia, nikamwita asimame karibu. Mirija minne ya mafuta ya kurudi ikajaa haraka, yaani dizeli inavuja kando ya sindano; miwili ikapanda taratibu. Nikafungua injekta za ile miwili: sindano nyeusi tii. Fundi wake alichoka kusugua, zikapona.

Mzee alikaa kimya, kisha akauliza bei ya nozeli nne. Sindano na nyumba yake huchongwa pamoja, hubadilishi kimoja ukaacha kingine. Dogo wangu akaenda Kariakoo kuzifuata, akarudi jua limezama. Mgongo unawaka, macho yanatoa machozi kwa darubini, ila kila moja nimeipima mara mbili.

Tumefunga saa 3 usiku. Zile sindano nne za zamani ameniomba nimfungie kwenye karatasi, akamwonyeshe fundi wake.