Kwa nini nawaonyesha vijana wangu Granit Xhaka

Ukitaja jina la Granit Xhaka, kiungo wa Uswisi aliyechezea Arsenal, kwenye kibanda umiza chochote cha kuonyeshea mpira hapa Ngamiani, Tanga, hujamaliza sentensi mtu ameshadakia: "Kadi nyekundu!" Na hawamsingizii. Januari 2017 alitolewa dhidi ya Burnley. Desemba 2020 akatolewa tena dhidi ya Burnley haohao baada ya kumkamata mtu shingoni. Agosti 2021 ikawa zamu ya Manchester City. Mashabiki wa Arsenal wa mji huu hawasahau mambo kama hayo.

Mimi nafundisha vijana mpira Makorora, jioni baada ya kazi, na mchezaji ninayewaonyesha kwenye simu kuliko wote ni huyohuyo. Wazazi wameniuliza mara kadhaa kwa nini nisiwaonyeshe Messi. Mzee mmoja, mpenzi wa Arsenal wa siku nyingi, alinisimamisha njiani na baiskeli yake: "Mgosi, watoto wetu unawafundisha rafu?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa kali. Hapa najibu kwa kirefu.

Messi hafundishiki. Kijana akimtazama anafurahi, halafu anaingia uwanjani anapoteza mpira kwenye chenga ya nne. Xhaka anafundishika. Hana mbio. Hana chenga za kumlaza beki. Mguu wa kulia anautumia kwa nadra mno. Alichonacho ni mguu wa kushoto na shingo isiyotulia, na hiyo shingo ndiyo ninayotaka waione.

Chukua video yoyote ya Bayer Leverkusen ya Ujerumani, klabu aliyohamia baada ya Arsenal, ya msimu wa 2023/24, uiendeshe polepole. Mpira uko kwa beki wa kati, Jonathan Tah. Usimtazame Tah, mtazame Xhaka. Anaangalia bega la kushoto, anaangalia la kulia, anasogea hatua mbili kumkimbia mtu anayemkaba, anaangalia tena. Pasi inapigwa, na mpira ukiwa bado njiani anageuza shingo mara ya mwisho. Ukimfikia, kiuno kimeshafunguka kuelekea lango la wapinzani, na yule anayekuja mbio kumpora anakuta mpira umeshakwenda kwa Grimaldo, beki wa pembeni kushoto. Mashabiki wanamshangilia Grimaldo.

Kwa hiyo tuna zoezi letu la vidole. Kijana anasimama katikati, mwenzake anampigia pasi kutoka mbele, mimi nasimama nyuma yake. Mpira ukiwa unatambaa nainua vidole, viwili au vinne au ngumi tupu. Lazima ageuke, ataje idadi, arudishe macho, atulize mpira, autoe. Uwanja wetu ni mchanga na vichuguu, mpira unadunda unavyotaka, na mwanzoni wengi unawapita katikati ya miguu huku wanapiga kelele "Tatu, mwalimu!" Wakizoea, utawaona hata kwenye mechi shingo zinazunguka zenyewe. Kwangu hicho ni kitu kikubwa kuliko bao.

Historia yake nayo nawasimulia, kwa sababu vijana wa mchangani wanadhani wachezaji wa Ulaya wote wamezaliwa kwenye raha. Xhaka alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 27 Septemba 1992, wazazi wake Waalbania wa Kosovo. Baba yake, Ragip, alifungwa zaidi ya miaka mitatu enzi za Yugoslavia kwa kuandamana Pristina dhidi ya serikali akiwa mwanafunzi. Alipotoka, yeye na mkewe wakahamia Uswisi. Wana wao wawili wakalelewa na FC Basel: Taulant, mkubwa, na Granit anayemfuata. Taulant akachagua kuichezea Albania, Granit akachagua Uswisi, na tarehe 11 Juni 2016 wakakutana uso kwa uso mjini Lens kwenye michuano ya Ulaya. Uswisi ikashinda 1-0. Mama yao alikaa jukwaani amevaa fulana iliyounganishwa, nusu Albania, nusu Uswisi. Watu wa Tanga hili hatuhitaji kufafanuliwa. Ziko nyumba hapa mjini kaka ni Coastal Union na mdogo ni African Sports, na siku ya dabi chakula kinaliwa kimya.

Kuna jingine la utotoni ambalo mimi kama mwalimu wa vijana nalipenda sana. Novemba 2009 Uswisi ilitwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 huko Nigeria, ikawafunga wenyeji 1-0 Abuja kwenye fainali, bao la Haris Seferović. Xhaka alikuwemo, Ricardo Rodriguez alikuwemo. Watatu hao mtawakuta tena chini huko.

Basel alipanda timu ya wakubwa mwaka 2010 akiwa na miaka 17, akachukua ubingwa wa ligi mara mbili, na Desemba 2011 alikuwa katikati ya uwanja walipoifunga Manchester United 2-1 na kuitoa Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2012 akaenda Ujerumani, Borussia Mönchengladbach, akakua hadi akapewa unahodha. Mwaka 2016 Arsenal wakamnunua. Hapo nasimama, maana hapo ndipo penye somo lenyewe.

Septemba 2019 kocha Unai Emery alimpa kitambaa cha unahodha. Mwezi haukupita sana. Tarehe 27 Oktoba Arsenal wakawa wanacheza na Crystal Palace nyumbani, waliongoza 2-0, wakarudishiwa zote mbili. Kipindi cha pili ubao ukainuliwa, anatoka Xhaka, anaingia Bukayo Saka. Uwanja mzima ukaanza kumzomea nahodha wake. Akatembea taratibu, akaweka mkono sikioni kama anayesema ongezeni sauti, akavua jezi, akapitiliza moja kwa moja kwenda vyumbani. Baada ya siku chache alitoa maelezo, na humo akataja vitisho alivyokuwa akitumiwa mitandaoni, vya kumvunja miguu, vya kumuua mkewe, na wengine wakimwombea maradhi binti yake mchanga. Unahodha akavuliwa, akapewa mshambuliaji Aubameyang.

Nilikuwa nimeitazama ile mechi kibandani. Watu walimzomea Ngamiani kama vile yuko mbele yao. Mwanamume mmoja alirusha kofia yake kwenye skrini.

Sasa, mwaka jana tulikwenda kucheza ndondo, mechi za mtaani, nje kidogo ya mji. Nina kijana mmoja namba sita, yaani kiungo wa chini, mashoto, mpole, anayependa kuuweka mpira chini na kuugawa. Tukawa nyuma bao moja. Kila akirudisha pasi kwa beki, watu waliojipanga kwenye mstari wanapiga mayowe: "Mtoe huyo! Anacheza kinyumenyume!" Akatoka analia, na wiki iliyofuata hakuonekana mazoezini. Nikaenda kwao. Mama yake akanikaribisha, akanipa chai, akasema, "Mwalimu, mwenzio anasema mpira basi." Nikamwita kijana barazani, nikafungua simu, nikamwonyesha Oktoba 2019 yote, mpaka jezi inavuliwa. Akatazama. Akaniuliza swali moja tu: "Halafu alikwenda wapi?"

Hakwenda popote, nikamwambia. Alikuwa karibu sana kuondoka, mabegi tayari. Emery alifukuzwa mwishoni mwa Novemba, Mikel Arteta akaja Desemba, akamwomba abaki. Akabaki. Agosti 2020 alikuwa uwanjani Arsenal walipoifunga Chelsea 2-1 na kubeba Kombe la FA. Kadi hazikuisha, nimeshazitaja hapo juu. Lakini aliendelea kucheza mbele ya watu walewale, kwenye majani yaleyale, msimu baada ya msimu.

Kisha ukaja msimu wa 2022/23, na hapa naomba wapenda ufundi wanisikilize. Miaka yote alikuwa kiungo wa chini, mkata umeme, kazi ambayo asiye na mbio akichelewa nusu hatua anapiga rafu. Arteta akampandisha juu, upande wa kushoto, kama namba nane, kiungo anayepanda kushambulia. Chini akabaki Thomas Partey, na beki wa kushoto, Zinchenko, akawa anaingia katikati kusaidia. Ile ardhi kubwa nyuma yake ikapata wenyewe. Yeye akawa anaingia kwenye boksi kwa kuchelewa, mabeki wameshahangaika na washambuliaji. Akafunga mabao 7 ya ligi, mchezaji ambaye misimu mingi Arsenal alifunga moja au mawili tu. Siku ya mwisho, 28 Mei 2023, Arsenal walishinda 5-0 dhidi ya Wolves na yeye akafunga mawili ya kwanza. Uwanja uleule uliomzomea uliimba jina lake.

Makosa mengine ya mchezaji yanatokana na mahali alipopangwa uwanjani. Hilo nimelishika kutoka kwake kuliko kwenye kozi yoyote niliyohudhuria. Yule kijana wangu nilimpandisha hatua kumi mbele, nikamweka mwenzake mwenye pumzi nyuma yake. Zile pasi zilizoonekana za kurudi nyuma sasa zinatoka karibu na boksi la wapinzani, na hakuna anayepiga mayowe.

Kuhusu Leverkusen niseme wazi, kwangu huo ndio msimu wake bora, hata kuliko ule wa Arsenal. Kocha Xabi Alonso alimrudisha chini, lakini chini ya safari hii kulikuwa na mabeki watatu nyuma yake na Grimaldo na Frimpong pembeni, kwa hiyo alikuwa na mtu wa kumpa mpira kila upande. Leverkusen ilikuwa klabu ya kushika nafasi ya pili. Mei 2002 peke yake ilikosa ligi, kombe la Ujerumani na fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid. Alipofika Xhaka ilikuwa haijawahi kuchukua ubingwa wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, tangu iundwe mwaka 1904. Tarehe 14 Aprili 2024 waliifunga Werder Bremen 5-0, yeye mwenyewe akipiga moja kutoka mbali kwa mguu wa kushoto, ubingwa ukapatikana mechi tano zikiwa zimebaki. Wakamaliza mechi 34 wakiwa wameshinda 28, sare 6, hawakupoteza hata moja.

Fainali ya Ligi ya Europa walipigwa 3-0 na Atalanta, Ademola Lookman akafunga yote. Siku tatu baadaye, Berlin, wakacheza fainali ya kombe la Ujerumani na Kaiserslautern. Dakika za mwanzo tu mpira ukamkuta Xhaka mbali na goli, akaupiga kwa kushoto, ukaingia pembeni juu. Wakapata kadi nyekundu, wakabaki kumi, wakalilinda bao hilohilo mpaka mwisho. Vijana wangu bao hilo wanaliigiza kila jioni, na nimeshapoteza mipira miwili kwenye ua wa jirani.

Kwa Uswisi amecheza mechi nyingi kuliko mchezaji yeyote wa nchi hiyo, akaipita rekodi ya Heinz Hermann ya mechi 118. Mwaka 2016, kwenye michuano ya Ulaya, alipiga penalti nje dhidi ya Poland, wakatolewa. Halafu ikaja Bucharest, 28 Juni 2021, michuano ya Ulaya tena, dhidi ya Ufaransa. Kwa saa za kwetu mechi ilianza saa nne usiku na iliisha saa sita imeshapita. Wale watoto wa Abuja wote watatu walikuwepo. Seferović alifunga la kwanza. Rodriguez akakosa penalti. Ufaransa wakapiga matatu, la mwisho la Pogba, nusu ya kibanda wakaondoka kwenda kulala. Seferović akarudisha moja. Dakika ya 90 Xhaka akapenyeza pasi katikati ya viungo wa Ufaransa, Mario Gavranović akasawazisha. Wakaenda hadi penalti, na kipa Yann Sommer akaokoa ya Mbappé, Uswisi wakapita. Xhaka akatajwa mchezaji bora wa mechi, lakini alikuwa amepata kadi ya njano iliyomfungia robo fainali na Hispania, na Uswisi ikatoka kwa penalti bila yeye. Ile pasi ya dakika ya 90 itazameni jinsi alivyoitazama nafasi kabla mpira haujamfikia.

Mwaka 2025 akarudi Uingereza, Sunderland, timu iliyokuwa imetoka tu kupanda daraja baada ya miaka minane nje ya ligi kuu, akapewa kitambaa cha unahodha. Umri umepita 30, mbio ambazo hakuwahi kuwa nazo hazijaongezeka, na bado kila mwenzake akipata mpira anamtafuta yeye kwanza. Sunderland wakicheza huwa nakaa kibandani benchi la mbele na vijana watatu wanne, tunamwacha mwenye mpira, tunamtazama yeye. Kijana wangu mashoto anahesabu kwa sauti kila shingo inapogeuka, na watu wa nyuma yetu wanamwambia anyamaze.