Kanda za harusi ya mama: jinsi sauti ilivyorudi

Kanda tatu za kaseti za C-90 (dakika 90), za harusi ya mama kule Tanga. Nilichomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti hadi tundu la maiki la laptopu, nikarekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti. Ikatoka sauti iliyopasuka, tena ya upande mmoja. Tundu la maiki hungoja sauti hafifu mno, na mara nyingi ni la mono, yaani njia moja tu ya sauti. Nikanunua kadi ya sauti ya USB, yenye tundu la “line in”, la kupokea sauti yenye nguvu kama ya redio kaseti.

Mpasuko ukaisha, ila waimbaji walisikika kama wamefunikwa blanketi. Nikasugua hedi, kile kipande kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti. Pamba ikatoka ya kahawia, nafuu ikawa kidogo tu.

Dawa ilikuwa ile skrubu ndogo kando ya hedi, yenye springi, inayorekebisha mwinamo wa hedi ulingane na kanda. Kanda ikicheza, niliizungusha taratibu kwa bisibisi ya saa huku nikisikiliza vigelegele. Ghafla vikachomoza, hata bangili zikasikika zikigongana. (Tia alama ilipokuwa kabla hujaigusa. Mimi sikutia, nikajuta.)

Nimehifadhi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa. Upande wa dakika 45 unakula kama MB 475. Mama alisikiliza kimya, kisha akauliza nani yule anayekohoa.