Siku yangu moja kwenye kambi ya mtoto wa jicho, Bahi

Saa 11:30 alfajiri

Mimi ni muuguzi wa macho. Ninaishi Dodoma mjini, lakini wiki hii timu yetu imepiga kambi ya kupasua mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho iliyoweka ukungu, kwenye kituo cha afya kimoja wilayani Bahi, ukifuata barabara ya Singida. Naamka mapema kwa sababu waliofanyiwa upasuaji jana wamelala wodini na asubuhi hii ndiyo wanafunguliwa macho. Nakunywa uji wa uwele nikiwa nimesimama, nachukua chupa za dawa ya matone, natoka.

Saa 1:00 asubuhi

Wamekaa kwenye mabenchi ya barazani, kila mmoja na bandeji kwenye jicho moja. "Shikamooni wazee wangu." Wengine wanaitikia marahaba, wengine "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na mmoja anauliza kama tutaanza naye.

Naanza na bibi aliyeletwa na mjukuu wake wa darasa la tano. Juzi, ukimwonyesha vidole kwa umbali wa zaidi ya mita moja, hakuweza kuvihesabu kwa jicho lolote. Mtoto ndiye aliyekuwa akimshika fimbo kwenda kisimani, kanisani na kliniki, na siku hizo darasani hayupo. Natoa bandeji taratibu, nasafisha kope kwa pamba yenye maji safi, namwambia afumbue. Anapepesa, anaangalia ukuta, kisha anamgeukia mjukuu.

"Hili shati limechanika tangu lini?"

Mtoto hakujibu, alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Kwenye chati bibi amesoma 6/18, yaani kwa mita 6 anaona kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18. Kwa siku ya kwanza hayo ni matokeo mazuri, na jicho likishatulia huenda akaongeza mstari mwingine.

Saa 2:30 asubuhi

Foleni ya uchunguzi imefika hadi mwembeni. Wahudumu wa afya wa vijiji walitangaza misikitini, makanisani na mnadani, na watu wameitika.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu si kila asiyeona ana mtoto wa jicho. Mkoa wa Dodoma umeteswa sana na trakoma, ambayo wengi wanaiita vikope. Kule Kongwa utafiti wake umekuwa ukifanyika tangu miaka ya 1980. Kope zikigeukia ndani zinakwaruza kioo cha mbele cha jicho hadi kinaweka kovu, na kovu hilo haliondoki kwa kubadilisha lenzi. Wengine wana presha ya macho, yaani mgandamizo wa ndani ya jicho unaoharibu mshipa wa fahamu. Kwa hiyo kila mmoja anapimwa uwezo wa kuona, anamulikwa, anapimwa mgandamizo wa jicho, na tunaangalia kama mboni inasinyaa ikipigwa tochi.

Wazee wengi wanaofika kwangu wanasema, "Mwanangu, ni uzee tu." Ninakataa kuliacha lipite, hata foleni ikiwa ndefu. Nawaeleza kwamba nyuma ya mboni kuna lenzi yenye upana wa milimita 9 hivi, haina hata mshipa mmoja wa damu, imejaa maji na protini zilizopangwa vizuri kiasi kwamba mwanga unapita bila kizuizi. Chembe zake hazibanduki kama za ngozi. Mpya zinaongezeka juu ya za zamani, hivyo kiini chake kina umri wa mwenye jicho. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi inakuwa ngumu, na ndiyo maana tunaanza kusogeza simu mbali ili tusome. Baadaye inakuwa ya manjano, hata kahawia, na protini zake zinaanza kushikana. Ni kama ute wa yai uliopata moto: ukishakuwa mweupe, haurudi tena kuwa wa wazi. Kwa sababu hiyo hakuna dawa ya matone, ya hospitali wala ya miti shamba, inayomwondoa mtoto wa jicho. Miti shamba ikitiwa jichoni inaweza hata kuunguza kioo cha mbele, na hapo tunakuwa na matatizo mawili. Jua kali la miaka mingi, sigara, kisukari, kuumia jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe) vinaharakisha mambo.

Babu mmoja ameletwa na mwanawe kwa kulazimishwa. Anasema macho yake yamerudi ujana: miaka yote alisoma Biblia kwa miwani, sasa anasoma bila miwani. Namwonyesha mtu aliyesimama getini, hamtambui, kumbe ni jirani yake. Kiini cha lenzi kikikomaa kinapinda mwanga zaidi, hivyo ya karibu yanaonekana na ya mbali yanapotea. Furaha hiyo haidumu. Familia zikisikia mzee "amepona macho" namna hii, zimlete.

Kisha akaja mama mmoja na binti yake. Jicho la kushoto jekundu, linauma hadi kichwani, anatapika tangu wiki iliyopita. Miaka miwili nyuma mtu alimwambia asubiri mtoto wa jicho akomae kwanza. Akasubiri. Lenzi ikavimba, ikaziba njia ya maji ya ndani ya jicho, mgandamizo ukapanda na kuua mshipa wa fahamu. Nimemulika tochi mara kadhaa: haoni hata mwanga. Tumempa dawa za kushusha mgandamizo na maumivu, lakini kuona kwa jicho hilo kumekwisha. Ushauri wa kusubiri ulikuwa wa zamani, enzi za upasuaji wa aina nyingine. Leo lenzi iliyokomaa sana inamsumbua daktari kuitoa, na mgonjwa anakaa gizani bure. Mtu akishindwa kufanya shughuli zake kwa sababu ya ukungu, wakati wake umefika.

Jicho la kulia nalo limeanza kuziba, ila anajua mwanga unatoka upande gani. Tumemwomba alale hapa.

Saa 5:00 asubuhi

Thieta, chumba cha upasuaji. Presha na sukari zimepimwa, mboni zimepanuliwa kwa matone, plasta ndogo imebandikwa juu ya nyusi ya jicho linalohusika ili pasiwe na kukosea. Urefu wa jicho umeshapimwa, maana nguvu ya lenzi bandia inatokana na kipimo hicho.

Sindano ya ganzi inapigwa pembeni ya jicho, jicho linaoshwa kwa ayodini. Mgonjwa yuko macho, ananisikia, namshika mkono. Daktari anafungua njia ya milimita 6 au 7 kwenye sehemu nyeupe ya jicho, anatoa lenzi iliyochafuka, anakibakiza kifuko chake na kuiweka lenzi mpya humo. Njia hiyo inajifunga yenyewe, mara nyingi bila uzi. Kwa daktari mzoefu ni dakika 10 hadi 20.

Lenzi ya kwanza ya namna hii iliwekwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita vilikaa kwenye macho ya marubani bila kuleta madhara makubwa.

Saa 8:00 mchana

Ugali na mlenda, haraka. Tunarudi thieta.

Saa 11:00 jioni

Mafunzo kwa ndugu, maana jicho linaweza kuharibikia nyumbani. Nawa mikono, vuta kope ya chini, tone moja, ncha ya chupa isiguse jicho. Matone yanaendelea wiki 4 hadi 6. Asisugue, asibebe ndoo kichwani, asikae kwenye moshi wa jikoni. Likiuma, likiwa jekundu au kuona kukipungua, arudi siku hiyo hiyo. Miwani ya kusomea atahitaji, kwa kuwa lenzi bandia haijirekebishi kwa ya karibu.

Saa 2:00 usiku

Nimekaa na yule mama na binti yake wodini. Maumivu yamepungua. Anaogopa: jicho moja limekufa, kwa nini aruhusu kisu kwenye lililobaki? Sikumwahidi kitu ambacho siwezi kukitimiza. Nilimweleza kilichoua lile la kwanza, na kwamba hili likiachwa linaweza kufuata njia ile ile. Nikamwita yule bibi wa asubuhi, wakaongea Kigogo muda mrefu bila mimi.

Amekubali. Mgandamizo ukiwa sawa asubuhi, ataingia thieta wa kwanza.