Kazi ya mbwa tuliiona wote

Nimetoka uwanja wa ndege sasa hivi, hapa Marekani. Hasira bado haijaisha.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mzee, mwanajeshi mstaafu, mguu mmoja wa bandia. Ubavuni mwake mbwa mweusi, katulia tuli.

Mhudumu akamwambia mbwa hapandi. "Mbona wewe unaona vizuri?"

Mzee akatoa fomu ya Wizara ya Uchukuzi ya kusafiri na mbwa msaidizi, akaeleza kuwa aliituma zaidi ya saa 48 kabla. Haikutazamwa. Akaulizwa, tena kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, anaumwa nini hasa.

(Kwa kanuni zilizoanza 2021, mbwa aliyefunzwa kusaidia mwenye maradhi ya akili ni sawa na wa asiyeona. Wahudumu wanaruhusiwa kuuliza mbwa amefunzwa kazi gani. Ugonjwa wako hauwahusu.)

Mikono ya mzee ikaanza kutetemeka.

Mbwa akainuka, hakuamriwa na mtu. Akamwegemea pajani kwa uzito wake wote, akabaki hivyo. Mkono wa mzee ukashuka taratibu mpaka ukakipata kichwa chake.

Foleni ikanyamaza.

Msimamizi alipofika alisoma ile fomu kama dakika moja, wakapita. Hakuna aliyemwomba mzee radhi.

Safari nzima mbwa alilala miguuni pake. Hakukoroma hata, tofauti na jirani yangu wa kiti.

Mimi nilikaa kimya muda wote ule, na hilo linanisumbua. Ungekuwa wewe ungesemaje?