Nilivyomwonyesha Mzee Bao

Glavu za kitinda mimba wangu ziko tena juu ya tundu la hita. Aliyewahi kuishi na mchezaji wa hoki ya barafu anaijua harufu hiyo: ngozi iliyolowa jasho, ikaganda, ikayeyuka, ikalowa tena. Mama yake amesema mara mia ziwekwe gereji. Mimi ndiye ninayezirudisha ndani, na jana usiku mtoto akaniuliza sababu.

"Baba, kwani wewe hii harufu huisikii?"

Naisikia, mwanangu. Naisikia tangu Machi 2007.

Wakati ule nilikuwa bado nafanya zamu mbili kwenye nyumba ya wazee, kabla sijaenda kusomea uuguzi. Mzee alikuwa chumba cha mwisho. Jina lake naliweka. Neno hilo, mzee, nilimfundisha mimi mwenyewe; nikamweleza kwamba kwetu Mombasa ni heshima, na tangu siku hiyo akakataa nimwite vingine. Kisukari kilikuwa kimeyamaliza macho yake yote mawili. Kwao ni kaskazini mwa jimbo letu la Minnesota, Iron Range, kwenye migodi ya chuma, karibu na Eveleth. Ni mji mdogo, lakini watoto wa wachimba migodi wa pale waliucheza mchezo huu hata Marekani ikajenga makumbusho yake ya hoki pale pale mwaka 1973. Kabatini, chini ya mablanketi, Mzee alikuwa na glavu za ujana wake, ngozi tupu, zimekauka kama ng'onda. Nilipokuwa nikifungua lile kabati kumtolea shati, harufu yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka.

Kila Machi vyuo vitano vya WCHA, ligi ya hoki ya vyuo vikuu, vilikutana mjini St. Paul, Alhamisi hadi Jumamosi, kugombea kombe la Broadmoor. Wenyewe waliyaita mashindano hayo Final Five. Mwanawe Mzee alikuwa akimkatia tiketi kila mwaka, na hata baada ya macho kwisha alikwenda, akakaa na redio ndogo sikioni. Mwaka ule nyonga ilikuwa imevunjika. Ngazi zile asingeziweza.

"Nenda ukakae kwenye kiti changu," akaniambia. "Redio nitasikiliza mimi. Wewe nenda ukaone."

"Nikaone nini, Mzee?"

"Redio inaniambia kisahani kiko wapi. Haijapata kuniambia miili iko wapi."

Kisahani ndicho mpira wao, kipande cheusi cha raba kinachoteleza juu ya barafu. Akaniusia nisikifuate, kwa sababu kina mbio kuliko macho ya mgeni. Nichague mtu mmoja, nimfuate huyo huyo hata akikaa benchi. Akanichagulia yeye: Blake Wheeler, kijana wa miaka 20, mrefu kama mnazi, mtoto wa Minnesota hapa hapa. Kwa Mzee hilo lilikuwa jambo kubwa, maana timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota kwa miaka mingi ilijengwa na vijana wa nyumbani.

Kanuni ya kazi yetu ilikuwa wazi na nilikuwa nimeitilia sahihi: mhudumu hapokei zawadi kutoka kwa mkazi. Tiketi nikaipokea. Roho ikanisuta usiku kucha, na asubuhi nikaitia noti ya dola 20 kwenye mtoto wa meza yake, nikanyamaza.

Machi 17 ilikuwa Jumamosi, tena siku ya Mtakatifu Patrick, na St. Paul ni mji wa Waairishi. Nilishuka kwenye basi namba 94 nikakuta barabara nzima ni kijani kibichi. Mashabiki wa North Dakota, wapinzani wa Minnesota katika fainali, nao rangi yao ni kijani. Walikuwa wameendesha magari kutoka Grand Forks, karibu kilomita 500, sawa na Mombasa hadi Nairobi. Sikuweza kujua nani anasherehekea mtakatifu na nani amekuja kuwafunga wenyeji.

Ndani ya uwanja, uliokuwa ukiitwa Xcel Energy Center, maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kaa. Kiti cha Mzee kilikuwa juu kabisa, na bado baridi ya barafu ilitupanda mpaka kule. North Dakota walikuwa na Jonathan Toews, aliyekuja kuwa nahodha wa Chicago katika ligi ya kulipwa na kushinda kombe lake, la Stanley, mara tatu, na T.J. Oshie naye. Mimi sikuwatazama. Nilimtazama Wheeler. Nilimtazama akipumua benchi, akinywa maji, akiruka ukuta wa pembeni kuingia, akirudi baada ya dakika moja hivi, kwa sababu katika hoki wachezaji hubadilishana hivyo wakati wote, mchezo hausimami. Bao la huku, bao la kule. Dakika 60 zikaisha 2-2.

Muda wa nyongeza wao ni ule tuliokuwa tukiuita bao la dhahabu: anayefunga kwanza ndiye mshindi, watu wanakwenda nyumbani. Dakika chache tu zilipita. Wheeler akawa mbele ya goli, kisahani kikawa mbele yake kidogo, mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki, na yeye akafika. Alijirusha. Nilimwona hewani amelala, kipa akapitwa, na uwanja wote ukalipuka kabla hajamaliza kuteleza. 3-2. Mtu nisiyemjua, mzungu wa makamo mwenye jezi ya rangi ya damu ya mzee, alinikumbatia akalia begani mwangu.

Jumapili niliingia kazini saa moja asubuhi. Mzee alikuwa amekwisha amka, ameomba awekwe kwenye kiti cha magurudumu, ananingoja. Hakuniamkia.

"Alifungaje?"

"Aliruka, Mzee."

"Hilo redio imesema. Aliruka vipi?"

Nikamwambia kama kipa wa mpira wa miguu. Akasema kipa huruka ubavu, tena huruka kuzuia. Nikatafuta Kiingereza nikakosa. Nikatafuta Kiswahili, nacho hakikuwa na barafu. Nikakumbuka watoto wa Mji wa Kale wanavyojitosa baharini, lakini wao hutanguliza kichwa na huenda chini, na yule alikwenda mbele. Mzee akatikisa kichwa.

"Fungua kabati. Vaa glavu."

Nilizivaa. Vidole havikukunjika. Akanipa fimbo yake nyeupe niishike kama gongo la kuchezea hoki. Kisha akaniambia nipande kitandani nilale vile alivyolala Wheeler hewani. Nikalala kifudifudi, kifua kwenye godoro, miguu ikining'inia nje upande mmoja, mikono na fimbo nje upande wa pili. Akasogeza kiti mpaka magurudumu yakagusa kitanda, akaanza kunipapasa kutoka kwenye kisigino.

Mikono yake ilikuwa mikubwa, mikavu, yenye ubaridi wa asubuhi. Ilipita kisiginoni, ikasimama kwenye goti. "Miguu ilikuwa imeiacha barafu?" Ilikuwa imeiacha. Akaniinua goti kidogo, kana kwamba anakumbuka yeye mwenyewe goti hukaaje. Ikapanda mgongoni. "Kifua kilikuwa kimegusa?" Bado, Mzee. Ikafika begani, ikalisukuma moja mbele, ikangoja nimkatalie, sikumkatalia. Ikafuata mkono mpaka kwenye ile ngozi kavu, ikakaa juu ya glavu muda mrefu, na hapo sauti yake ikashuka.

"Gongo alilishika kwa mikono miwili au mmoja?"

Nilijibu upesi, kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu.

"Na uso? Alikuwa akitazama wapi?"

"Kisahani, Mzee."

Uso sikuuona. Nilikuwa juu kabisa, na yeye alikuwa na kofia ya chuma na wavu. Lakini jibu lilikuwa limekwisha toka. Mzee aliuweka mkono wake mgongoni pangu, akauacha hapo. Nilikuwa nahema kwa kukaza mwili na naona mkono wake unapanda na kushuka nami. Nje mtu alikuwa akisukuma troli ya dawa. Mikono ikaanza kuniuma, sikuishusha.

"Kumbe," akasema, "alikuwa amekwisha kuanguka kabla hajafunga."

Sikuwa nimeliona hivyo, wala sikuwa na la kuongeza.

Niliposhuka kitandani akavuta mtoto wa meza akatoa noti zake. Noti za Marekani zina ukubwa mmoja, ya dola 1 sawa na ya 100, kwa hiyo asiyeona huzikunja ili azitambue. Mzee za dola 1 hakuzikunja, za 20 alizikunja kwa urefu. Mimi yangu nilikuwa nimeitia wazi wazi, na yeye alikuwa amezihesabu.

"Moja imezidi. Hii ni ya ngapi?"

Ilinibidi niseme. "Ishirini."

Akaikunja kwa urefu, polepole, akaibana kwa ukucha, akanitilia mfukoni. "Nilikutuma. Mtu hajilipii alikotumwa."

Msimamizi sikumwambia. Mpaka leo sijui kama siku ile nilipokea zawadi au nilitumwa. Nimebadilisha jibu mara nyingi.

Wiki iliyofuata timu zile zile zilikutana tena Denver, kwenye michuano ya taifa, na zikafungana 3-2 tena katika muda wa nyongeza, safari hii North Dakota wakashinda. Nilikuwa zamu, tulisikiliza pamoja. Chris Porter ndiye aliyefunga. Mzee alizima redio, akaomba chai. Hakuniuliza mwili wa Porter ulikuwaje, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuulizwa.

Mwaka uliofuata niliondoka pale. Wheeler naye aliacha chuo 2008 akaenda Boston, kwenye ligi ya kulipwa. Mwaka 2013 Minnesota wakahamia ligi ya Big Ten, North Dakota wakaenda njia yao, na Jumamosi ile ya kijani na damu ya mzee haikurudi St. Paul.

Haya yote nilimweleza mtoto jana, glavu zikinuka kati yetu. Alisikiliza mpaka kwenye lile swali la mikono miwili au mmoja. Hapo akachukua simu.

"Baba, si liko YouTube? Tuangalie sasa hivi."

Najua lipo. Limekuwapo miaka yote hii na sijawahi kulifungua. Kuna mtu aliliona bao lile kwa mikono yake juu ya mgongo wangu, na alilolichukua ni lile nililompa.

Alikuwa amekwisha andika jina, picha ndogo imetokea, kidole kiko juu yake. Nikamwomba simu. Akanipa. Nikailaza mezani kifudifudi, nikaenda kuzigeuza glavu upande wa pili.