Kwa nini usiku navaa hedifoni za wazi

Nina hedifoni mbili nyumbani. Moja imefungwa nyuma kabisa, Beyerdynamic DT 770 Pro ile ya ohm 80 (ohm ni kipimo cha jinsi inavyoupinga umeme), nyingine ni ya wazi, Sennheiser HD 600, ambayo nyuma ina wavu tu, ukiiinua kwenye taa unaona mpaka ndani. Kila anayekuja ananiuliza ipi kali. Sasa mimi nakaa Majengo hapa Moshi, nyumba ya kupanga, sebuleni hakuna dari ni bati tupu, kwa hiyo jibu langu limetoka kwenye hiyo nyumba zaidi kuliko kwenye hedifoni zenyewe.

Ya kufungwa ndio nilianza nayo. Kile kispika cha ndani kinasukuma hewa mbele na nyuma, sasa ile ya nyuma haina pa kutokea, inagonga kikombe, yaani lile ganda linalofunika sikio, inarudi, ndio maana wanaoziunda wanaweka sponji humo ndani kuituliza. Besi inajaa kwelikweli ila pedi, ule mto unaogusa sikio, lazima ibane. Mimi navaa miwani na mkono wa miwani unaacha kaupenyo juu ya sikio, besi inavujia pale pale, nikivua miwani inarudi yote, mwenye miwani ajaribu ataona.

Za wazi zipo toka 1968, Sennheiser ndio walianza na HD 414. Hewa ya nyuma inajitokea zake, ile hali ya kuziba sikio haipo, na muziki unausikia kama umesogea nje kidogo ya kichwa. Mi napenda dansi la zamani, na rekodi nyingi za dansi ni mono, yaani masikio yote mawili yanapata sauti ile ile, kwa hiyo usitegemee solo kushoto na ridhimu kulia, vyote vipo katikati, lakini aisee kwenye hii HD 600 nasikia kidole kinavyougusa uzi kabla sauti ya gitaa haijatoka. Besi ya chini kabisa inapungua, hilo ni kweli. Na ni ya ohm 300, simu inahangaika nayo, inabidi uwe na ka-ampu, kale ka kukuza sauti.

Sasa mwaka jana mama alishuka kutoka Marangu kuja kukaa na sisi maana goti lilikua linamsumbua na kliniki ipo huku mjini. Usiku mmoja nimevaa ya kufungwa, nimezama, kumbe mama anataka kwenda chooni anaita, kaita weee, mwisho kachukua fimbo yake kagonga ukuta. Mimi sisikii. Mke wangu ndio aliamka. Nilipoingia chumbani nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, fimbo mapajani, akaniambia tu, "Mwanangu, nimekuita mpaka koo limekauka." Iliniuma sana.

Toka siku hiyo saa tatu usiku ikipita ni za wazi tu. Watu wanasema zinavujisha na zinaingiza kelele, ndio, zinaingiza, na mimi nazitakia hicho hicho, mama akikohoa tu nasikia. Kuvujisha nako kupo, nikikaa kitandani mke wangu anasikia tsi tsi tsi za simbali mpaka analalamika, kwa hiyo nahamia sebuleni.

Kinachonishinda ni masika. Kuanzia Machi mpaka Mei mvua ikipiga lile bati za wazi hazina kazi, utajikuta unapandisha sauti kushindana na mvua na hapo unaumiza masikio, Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 mwisho masaa 40 kwa wiki. Ya kufungwa inakata ule mchirizo mkali wa mvua, radi inapita kama kawaida. Basi usiku wa mvua navaa hiyo ya kufungwa, ila sikio la upande wa mlango wa mama nalitoa nje. Nusu ya muziki napoteza, sawa tu.